Sambaza za asili, pizza ya asili: nani anajua kupika?

Bibi aliyetoka Uvira kuolewa Bukavu anaweza kuambiwa na wakwe: «Hujui kupika sambaza!» Wengine wanazitaka kavu na pilipili, wengine kwenye nyanya na mawese. Lakini samaki hao, jamaa ya ndagala, walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu kati ya 1958 na 1960. Yaani wametoka kwao bibi!

Ugomvi huo si wa Bukavu tu. Kule Italia, watu wa Calabria wanajaza pilipili ndani ya sosisi, kwingine hawaitaki. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulilinda kanuni za kupika pizza ya Napoli, ila nyanya yake asili yake ni Amerika.

Kila nyumba na ladha yake. Mpishi asidharauliwe kwa hiyo.