Seva Ikipotewa na Saa, Pima Kosa Kabla ya Kulirekebisha

Malalamiko ya kwanza huwa hayaitaji saa. Mhasibu anasema nywila yake imekataliwa, na ni ile ile ya jana. Mwingine anaandika tarakimu sita za uthibitisho kutoka kwenye simu yake, seva inazikataa. Kivinjari nacho kinadai kwamba cheti cha usalama cha mfumo wa ofisi bado hakijaanza kutumika. Fundi atabadilisha nywila, ataomba cheti kipya, atazima na kuwasha ruta. Muda wote huo saa ya seva iko nyuma kwa dakika saba na hakuna aliyeitazama.

Mifumo hiyo ina sababu nzuri ya kukataa. Kerberos, utaratibu wa utambulisho uliobuniwa MIT nchini Marekani na unaotumika katika mitandao ya ofisi yenye Windows, hukataa ombi lolote ambalo muda wake unatofautiana na wa seva kwa zaidi ya dakika 5, labda msimamizi awe amebadilisha kiwango hicho. Lengo ni kumzuia mwizi aliyenasa ombi la mtu asiweze kulituma tena baadaye. Zile tarakimu sita za simu nazo hubadilika kila sekunde 30, na hukokotolewa kutokana na saa.

Fundi akishagundua kwamba tatizo ni saa, mara nyingi hutazama simu yake, huandika muda sahihi kwenye seva kwa mkono, na kuondoka. Napinga tabia hiyo kwa nguvu zote. Anayefanya hivyo amefuta ushahidi. Ukubwa wa kosa ndio unaoonyesha chanzo chake, na ukishalifuta huwezi kulisoma tena. Kwanza andika mahali: seva inasema saa ngapi kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, saa sahihi ya UTC ni ngapi, na pengo linakua au limesimama palepale.

Tuanze na pengo linalowapata watu wengi wa kwetu: saa tatu kamili, bila dakika kuzidi wala kupungua. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Ikiwa ni saa tisa alasiri na seva inaonyesha saa sita mchana, usiguse saa. Uliza kwanza UTC ya seva inasemaje. Ikiwa sahihi, saa ni nzima. Kilichokosekana ni ukanda wa majira tu, na amri moja ya timedatectl inayotaja Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam inamaliza kazi. Hatari ni pale mtu alipoandika saa ya hapa nyumbani kwenye mashine inayodhani inapewa UTC, au pale Windows na Linux zinapokaa kwenye kompyuta moja. Kwa kawaida Windows huhifadhi saa ya nchi kwenye saa ya ndani ya kompyuta, wakati Linux huhesabu kwamba saa hiyo ya ndani ni UTC.

Kosa la namna hii ndilo linalowapoteza mafundi hodari. Mtu akiisogeza saa mbele kwa mkono hadi kioo kionyeshe saa tisa, huku ukanda wa majira ukiwa haujawekwa, macho yake yataridhika na UTC ya seva itakuwa imekosewa kwa sekunde 10,800. Kerberos haitazami kioo, inatazama UTC. Na ntpd, programu ya siku nyingi ya kulinganisha saa, ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000 huandika ujumbe mmoja kwenye kumbukumbu zake kisha hujizima. Imeundwa hivyo kwa makusudi: kosa kubwa kiasi hicho linahitaji binadamu. Kwa hiyo seva huachwa bila mlinganishaji, na kila siku inateleza zaidi.

Pengo la miaka lina sababu nyepesi. Mashine iliyoamka baada ya umeme kukatika ikidai tuko mwaka uliopita zamani, betri ndogo ya kwenye bodi kuu imekwisha. Mara nyingi ni CR2032, ile ya duara inayouzwa dukani.

Pengo linalokua polepole lina chanzo kingine. Saa ya kompyuta huendeshwa na fuwele ya kwatsi, ambayo aina yake ya kawaida hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na joto huibadilisha mwendo. Fuwele ikikosea sehemu 20 kwa milioni, ambalo ni jambo la kawaida kabisa, saa itapoteza au kuzidi sekunde 1.7 kwa siku. Hilo si ubovu, na ndiyo sababu ya kuwepo kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa ya David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, ambayo maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 1985. Ila ntpd ina kikomo: inapoivuta saa taratibu, haiwezi kurekebisha zaidi ya sehemu 500 kwa milioni, yaani sekunde 43 kwa siku. Mashine inayozidi hapo itaishinda. Ikiwa ni seva pepe, mtilie shaka mwenyeji wake: seva pepe iliyosimamishwa kwa dakika sita ili inakiliwe huamka ikiwa nyuma kwa dakika hizo hizo sita. Mara nyingine utakuta walinganishaji wawili, mmoja ndani ya seva pepe na mwingine wa mashine mwenyeji, kila mmoja akivuta upande wake, na pengo linapanda na kushuka siku nzima.

Sasa mtandao. Andika ntpq -p uone orodha ya vyanzo. Safu ya reach ndiyo ya kuitazama kwanza. Inahifadhi matokeo ya maswali manane ya mwisho, na imeandikwa kwa kizio cha nane: 377 maana yake yote manane yamejibiwa, 0 maana yake hakuna hata moja, na 376 maana yake la mwisho pekee ndilo lililokosa jibu. Programu ikiwa imeanza sasa hivi utaona 1, 3, 7, 17 na kuendelea, kwa hiyo ipe kama dakika kumi kabla ya kuihukumu. Ikibaki 0, usijiliwaze kwa kuwa ping inajibu. NTP hupita UDP, poti namba 123, na njia hiyo inaweza kufungwa huku ping ikipita bila shida. Baada ya mashambulizi makubwa ya mwaka 2014, ambapo seva za NTP zilizoachwa wazi zilitumiwa kuwafurikisha wengine kwa pakiti, makampuni mengi ya intaneti yalianza kuchuja poti hiyo. Tumia tcpdump kwenye poti 123. Ukiona pakiti zinatoka na hakuna inayorudi, kizuizi kiko nje ya programu yako, iwe ukuta wa moto wa ofisi au kampuni inayokuuzia intaneti.

Kuna kosa dogo ambalo 377 haiwezi kulionyesha. NTP hupima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kisha hudhani kwamba safari zote mbili zilichukua muda sawa. Ikiwa njia ya kupandisha imejaa na pakiti ikachukua milisekunde 300 kwenda na 100 kurudi, saa yako itakosea kwa milisekunde 100, nusu ya tofauti hiyo, na kila kipimo kitadai mambo ni shwari. Kwa ofisi ya kawaida si kitu. Kwa mtandao wa simu au soko la hisa ni balaa, na dawa yake ni kipokezi cha GPS hapohapo kwenye jengo.

Kinachonitia hofu zaidi ni ofisi ambayo kompyuta zote zinakubaliana na zote zimekosea. Kwenye orodha utaona chanzo kinachoitwa LOCAL: fundi fulani aliiambia seva ijiamini yenyewe intaneti inapokatika, na wenzake wote wakaifuata. Kwenye Windows, w32tm /query /status itataja Local CMOS Clock. Au mduara: seva kuu ya utambulisho ni seva pepe inayochukua saa kwa mwenyeji, na mwenyeji anachukua saa kwa seva hiyo hiyo. Hakuna anayeuliza nje.

Vyanzo viwili pia havitoshi. Vikitofautiana, utakiamini kipi? Weka vinne, vya wamiliki tofauti. Tarehe 19 Novemba 2012 seva mbili za US Naval Observatory, tick na tock, zilitangaza kwamba tuko mwaka 2000, na mitandao iliyozitegemea hizo pekee ikarudi miaka kumi na miwili nyuma.

Ukishajua chanzo na kukiondoa, ndipo urekebishe saa. Kosa la sekunde moja liache livutwe taratibu. Kwa sehemu 500 kwa milioni litaisha kwa takriban nusu saa. Kosa la dakika kumi kwa mwendo huo lingechukua karibu wiki mbili, kwa hiyo ruka mara moja, lakini simamisha hifadhidata kwanza, hasa ikiwa saa inarudi nyuma, maana miamala mipya itaonekana imetangulia ya zamani na kazi za usiku zinaweza kuendeshwa mara mbili. Andika saa sahihi kwenye saa ya ndani kwa hwclock --systohc. Halafu, wakati hakuna mtu kazini, zima mashine, chomoa waya wa umeme kwa muda, iwashe bila waya wa mtandao, na uisome UTC yake kabla NTP haijapata nafasi ya kuisahihisha.