Ubongo na Mwenye Ubongo: Uwezo na Mipaka ya Mkabala wa Kibiolojia

Mgonjwa anapofikishwa kituo cha afya, iwe Kilosa mjini au Mikumi kando ya barabara kuu ya Iringa, akiweweseka na asiwatambue jamaa zake, wapo wasemao amepandwa na mashetani, na wapo wasemao amerogwa. Mkabala wa kibiolojia katika saikolojia huuliza swali jingine: mwili na ubongo wake vimepatwa na nini?

Swali hilo huokoa maisha. Kuweweseka kwa ghafla, hasa kunakoambatana na homa, huweza kuwa dalili ya malaria kali, homa ya uti wa mgongo au kushuka kwa sukari katika damu. Siku moja ya kungojea tambiko yaweza kumwua mgonjwa. Hata huzuni ya muda mrefu pengine hutokana na upungufu wa homoni za tezi ya shingo, na kipimo cha damu huubaini.

Fadhila ya pili ni tiba. Huko Mahenge, kusini mwa mkoa huu wetu wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwe aliwahudumia wagonjwa wengi wa kifafa kuanzia miaka ya 1960. Walipopata dawa kwa mfululizo, wengi wao walipungukiwa na degedege.

Hata hivyo, Mahenge hiyohiyo yatuonyesha mpaka wa mkabala huu. Watu waliogopa kwamba mate ya mgonjwa huambukiza kifafa, jambo lisilo kweli, wakamtenga katika kula na kulala. Dawa hutuliza ubongo. Haimrudishi mtu kwenye sinia la chakula pamoja na wenzake.

Vinasaba navyo havisemi yote. Kati ya mapacha wa kufanana, mmoja akipata skizofrenia, mwenzake huweza kuishi bila kuipata kamwe, ingawa wamerithi vinasaba vilevile. Tena, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko ya Mto Mkondoa yaliwaacha watu wengi wa Kilosa bila makazi. Aliyepoteza nyumba na mazao kisha akakosa usingizi, kemikali za ubongo wake huenda zimebadilika kweli. Lakini atakayemtazama kwa kemikali peke yake hatajua kwamba anachokihofia ni sauti ya mvua usiku.

Basi, mhudumu wa afya, pima kwanza, usiharakishe kusema ni mawazo tu. Ukishapima, keti umsikilize mgonjwa na jamaa zake. Nawe mgonjwa, ugonjwa wa akili au kifafa si aibu wala adhabu. Dawa ya kifafa usiiache ghafla kwa kuwa umepata nafuu, maana degedege huweza kurudi kwa nguvu na kuhatarisha uhai. Zungumza kwanza na aliyekuandikia. Mweleze pia yanayokusibu nyumbani, kwa kuwa hayo hayaonekani kwenye kipimo.