Talanta Iliyofukiwa Ardhini

(Dominika ya 33 ya Mwaka A, Mt 25:14–30)



Neno "talanta" siku hizi twalitumia kwa maana ya kipaji: fulani ana talanta ya kuimba. Lakini katika nyakati za Bwana wetu talanta ilikuwa kipimo cha uzito wa fedha, thamani yake dinari 6,000 hivi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kama tuonavyo katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Basi mtu afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 20 kuipata talanta moja. Kwa hiyo hata yule mtumishi wa tatu hakupewa kidogo. Alikabidhiwa jasho la miaka 20.

Tena tutambue jambo la pili. Mtumishi huyo hakuiba wala hakuponda mali. Kufukia fedha ardhini kulikuwa njia ya kawaida ya kuikinga na wezi, naye aliirudisha nzima. Kosa lake ni kwamba alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa, na hofu ikamfunga mikono. Wakili si mlinzi wa ghala tu; amewekwa mahali pa mwenye mali ili mali izae. Ndiyo maana tunapoungama mwanzoni mwa Misa hatutaji mawazo, maneno na matendo peke yake, bali hata wajibu tusioutimiza.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa aliyejiwekea chakula cha kiangazi. Lakini mbegu isiyopandwa huliwa na dumuzi ghalani. Katekista aliyefundisha miaka mingi asimwandae kijana wa kumrithi, amefukia. Msomi aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa ukoo, naye leo hataki kusikia habari za ada ya watoto wa marehemu ndugu yake, amefukia. Muumini asemaye jumuiyani, "Mimi simdhuru mtu," wakati jirani yake mgonjwa hana wa kumtekea maji, amefukia pia.

Hatimaye, aliyezalisha tano na aliyezalisha mbili walisifiwa kwa maneno yale yale. Mungu hapimi zao la mmoja kwa la mwenzake, hutazama uaminifu. Basi juma hili kila mmoja ajiulize: nimekabidhiwa nini, nami nimekifukia wapi? Kisha achukue jembe, akifukue kungali mchana.

Amina.