Rambo Alipolia: Sinema Zinazotazamwa Majumbani mwa Askari

Ni mazoea ya siku nyingi mjini Bujumbura kwamba baada ya chakula cha jioni, vyombo vikiisha kuoshwa na watoto wakiisha kuitwa mara tatu waingie ndani, jamaa hukusanyika mbele ya televisheni. Tangu televisheni ya taifa ilipoanza kurusha picha mwaka 1984, mengi yamebadilika. Sanduku lenye tumbo kubwa limegeuka kioo chembamba; kaseti za video zilirithiwa na sahani za DVD, na sahani nazo zikaviachia nafasi vijiti vidogo ambavyo kijana huvitia mfukoni pamoja na funguo. Kisichobadilika ni mabishano yanayofuata sinema ikiisha. Baba hudai kwamba askari wa kweli hashiki bunduki namna ile. Mama huuliza kwa nini yule msichana hakumwandikia mamake barua. Watoto wao hutaka irudiwe tangu mwanzo.

Mabishano hayo yanastahili kusikilizwa, hasa katika nyumba za watu wavaao sare, kwa kuwa wao huonyeshwa kazi yao wenyewe ikifanywa na waigizaji. Hapa zimechaguliwa sinema chache tu. Baadhi yake ni kongwe. Lakini sinema huwa mpya siku mtu anapoitazama kwa mara ya kwanza, na katika nyumba nyingi siku hiyo hufika baada ya miaka ishirini au thelathini.

Na ianze ile ya Rambo. Hakuna mtoto wa Bwiza wala wa Buyenzi asiyelijua jina hilo. Kijana mwenye misuli huitwa Rambo, na huko Tanzania hata mfuko wa plastiki wa dukani uliwahi kuitwa rambo. Cha ajabu ni kwamba wengi wanaolitaja wameziona zile za mwaka 1985 na 1988, ambamo maadui huanguka kama mahindi wakati wa mavuno. Ile ya kwanza kabisa, First Blood, iliyoongozwa na Ted Kotcheff na kutolewa mwaka 1982, wameisikia tu, au wameitazama vipande vipande huku wakila.

Kwa hakika hiyo ya kwanza ni hadithi nyingine kabisa. Askari aliyepigana Vietnam anakwenda kwa miguu kumtafuta mwenzake wa kikosi kimoja. Anamkuta mamaye tu, naye anamwambia kwamba mwanawe amekwisha kufa kwa saratani iliyotokana na sumu ya kukausha majani ya miti ambayo jeshi lao lenyewe liliimwaga huko vitani. Anaendelea na safari, amechafuka, ana njaa, na kuingia katika mji mdogo wa milimani. Mkuu wa polisi wa mji ule anamtazama nywele na koti, anampakia garini, anamvusha daraja na kumwachia barabarani. Hataki watu wa namna ile katika mji wake. Rambo anageuka na kurudi. Anakamatwa, na kituoni anapigwa, anamwagiwa maji ya mpira, na polisi wanataka kumnyoa kwa wembe mkavu. Hapo anakumbuka mateso ya kambi ya mateka, na mambo yote yanaharibika.

Inafaa polisi waitazame sehemu hiyo ya kituoni polepole. Yule mkuu wa polisi hakuchorwa kama shetani. Ni mtu anayependa mji wake utulie, anawajua wenyeji kwa majina, na wenyeji wanamheshimu. Kosa lake linaanza likiwa dogo: kumdharau mtu ambaye hajavunja sheria yoyote. Lakini chini yake wapo polisi wadogo, nao hufuata macho ya mkubwa wao. Akidharau yeye kidogo, wao hudharau sana. Mtazamaji aliyewahi kulinda zamu ya usiku kituoni atalitambua jambo hili bila kufafanuliwa.

Jambo la pili linalosahauliwa ni hesabu ya waliokufa. Katika sinema nzima, pamoja na moto wote ule na risasi zote zile, ni mtu mmoja tu anayeonekana wazi akipoteza maisha, naye ni polisi anayeanguka kutoka katika helikopta. Wengine wanajeruhiwa porini na kuachwa hai, kwa kusudi. Huyu ndiye Rambo wa kwanza, ambaye jina lake baadaye lilifanywa kuwa jina la kuua.

Mwishoni kanali wake wa zamani anamwendea ndani ya jengo lililobomolewa na kumwamuru aache. Ndipo yule mtu wa misuli anapoketi chini na kulia kama mtoto. Anamweleza kanali kwamba vitani alikabidhiwa mitambo ya fedha nyingi mno, na nyumbani hapewi hata kazi ya kuegesha magari. Anamsimulia juu ya rafiki yake aliyelipuliwa na bomu lililofichwa katika kisanduku cha mtoto wa kung'arisha viatu. Maneno yanatoka yamevunjika, mengine hayasikiki. Katika vibanda vya video aghalabu hapo ndipo watazamaji huanza kuinuka na kutafuta viatu vyao, maana mapigano yamekwisha. Wanaoinuka hupitwa na dakika zilizo bora kuliko zote. Katika kitabu cha David Morrell cha mwaka 1972, ambacho sinema hii ilitokana nacho, Rambo hufa. Mwisho wa namna hiyo ulipigwa picha pia, kisha ukaachwa. Akapewa kuishi na kuvikwa koti la kanali mabegani huku akitoka amefungwa pingu.

Si vigumu kueleza kwa nini sinema hiyo ina uzito Bujumbura. Kuanzia Desemba 2007, kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, wanajeshi wa Burundi walikwenda Somalia kwa zamu katika majeshi ya Umoja wa Afrika. Wengi walirudi salama, wakajenga nyumba, wakanunua pikipiki, wakawapeleka watoto shule. Wapo pia waliorudi na kuketi barazani kimya, na watoto wakadhani baba amekasirika. Mke wa mtu kama huyo akiitazama First Blood hadi mwisho, huenda akayapata maneno ambayo mumewe hakuweza kuyasema. Huenda pia mume akainuka na kwenda nje kuvuta hewa kabla ya mwisho huo kufika, naye asizuiwe.

Kuhusu Somalia, ipo sinema nyingine ambayo imezunguka sana mikononi: Black Hawk Down ya Ridley Scott, ya mwaka 2001. Inasimulia mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, ambamo Wamarekani 18 walikufa na Wasomali kwa mamia. Kwa ufundi wa picha na sauti hakuna la kulalamikia. Ukuta wa nyumba hutetemeka. Lakini Mogadishu ile si Mogadishu. Ilipigwa picha nchini Moroko, katika miji ya Rabat na Salé, na mtu aliyewahi kukaa kando ya Bahari ya Hindi, akaijua rangi ya mchanga wake na mwanga wake wa saa kumi za jioni, atahisi kuna kitu hakikukaa sawa. Wasomali wenyewe wanaonekana kama mafuriko: wanakuja wengi, wanaanguka, wanakuja wengine, wala hakuna mmoja anayepewa nafasi ya kuwa baba wa mtu.

Kuna upungufu mwingine ambao mlinzi wa amani ataupima upesi kuliko mtazamaji wa Ulaya. Usiku ule waliokwenda na magari ya deraya kuwatoa Wamarekani walikuwa pia wanajeshi wa Malesia na wa Pakistani. Katika sinema wanapita haraka sana. Wanajeshi wa nchi ndogo wanajua jambo hili: mtu huweza kufika, kufanya kazi, hata kuzika wenzake, kisha asionekane katika picha. Isitoshe, mwezi ule ule wa Oktoba 1993, tarehe 21, Rais Melchior Ndadaye aliuawa hapa Bujumbura, na Burundi ikaingia katika vita vyake. Macho ya dunia yalikuwa bado yanatazama Mogadishu.

Inafaa kusema neno moja juu ya wafasiri wa sinema, kwani bila wao nusu ya watazamaji wasingejua nani amemwambia nani nini. Dar es Salaam iliwahi kuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake ilifika mbali kuliko miguu yake. Yeye kazi hiyo aliilinganisha na kuugeuza wali kuwa pilau. Kampala nayo ina wasimulizi wake, nao hupiga kelele kuliko bunduki. Ilipotoka sinema ya Kiganda Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, iliyotengenezwa katika mtaa wa Wakaliga kwa fedha kidogo mno na silaha za mbao na vyuma chakavu, msimulizi ndiye aliyekuwa kichekesho kikubwa kuliko kapiteni mwenyewe. Mfasiri hodari ni burudani. Hata hivyo hutokea akafasiri mapigano kwa bidii na kunyamaza mtu anapolia, au hata kumfanyia mzaha. Rambo wa kwanza ameharibiwa hivyo mara nyingi.

Sinema za Tanzania hazina haja ya mfasiri, na ndiyo sababu moja ya kupendwa kwake Buyenzi. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa bado kijana wa miaka 28, alililiwa pia na watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga Dar es Salaam. Kasoro zake zinajulikana: mtu hupanda ngazi kwa dakika tatu, gari husubiriwa mpaka ligeuke lote, na sehemu ya pili huuzwa peke yake. Lakini akina mama huzipenda kwa sababu wanaogombana mle ndani wanagombana juu ya mambo ya kweli, kama vile shamba, mahari, wifi na mtoto wa nje ya ndoa.

Kwa upande wa nyumbani, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, mwanamuziki aliyegeuka mwongozaji, haijachakaa. Ilitolewa mwaka 1992, nayo ndiyo sinema ndefu ya kwanza ya Burundi. Gito anarudi kutoka Paris na shahada yake akiamini kwamba uwaziri unamngoja uwanja wa ndege. Haumngoji. Amemwacha mpenzi Mfaransa, Christine, akimwahidi kumwita. Huku nyumbani anarudiana na Flora, mpenzi wa tangu utotoni. Christine anapofika bila kuitwa, wanawake wale wawili, badala ya kung'oana nywele, wanafanya urafiki na kumpangia Gito adhabu. Ni kichekesho, na kinachekesha. Lakini anayeitazama leo huona pia Bujumbura ya mwaka mmoja kabla ya vita, na watu wakitembea jioni bila haraka. Kicheko chake humwachia mtazamaji wa makamo kitu fulani kooni.

Imebaki ile fupi, Na Wewe, ambayo kichwa chake hakihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili. Iliongozwa na Mbelgiji Ivan Goldschmidt mwaka 2010, na mwaka 2011 ilikuwa miongoni mwa filamu fupi tano zilizoshindania tuzo ya Oscar huko Marekani, ingawa haikushinda. Ina dakika 19 tu. Ni Burundi ya mwaka 1994. Basi dogo la abiria, lenye mzungu mmoja ndani, linasimamishwa barabarani na watu wenye silaha. Abiria wanaamriwa kushuka na kujitenga, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanajaribu. Mmoja anaeleza kwamba babaye ni huyu na mamaye ni yule. Mwingine naye ana habari yake. Na kila anayefungua mdomo anazidi kuuvuruga mstari. Jambo la kutisha linaanza kuwa la kuchekesha, kisha mtazamaji anakumbuka kwamba bunduki zile zina risasi.

Baadhi ya watu husema kwamba hadithi hiyo imerahisishwa mno, kwamba barabarani mwaka ule hakuna aliyepewa muda wa kueleza ukoo wake. Neno hilo lina haki yake, na aliyekuwepo hawezi kubishiwa na asiyekuwepo. Lakini sinema haikudai kuwa ushahidi wa mahakama. Imechukua swali lililoulizwa kwa kweli na kuwapa watu nafasi ya kulijibu ambayo wengi hawakuipata. Kwa hilo imefaulu kuliko sinema nyingi za saa mbili.

Uzito wake ni mkubwa zaidi kambini. Baada ya mapatano ya mwaka 2003, wanajeshi wa zamani na wale waliopigana nao porini waliingizwa katika jeshi moja. Leo huweza kuketi sebule moja watu wawili waliokuwa pande mbili za kizuizi kama kile, wake zao wakisaidiana kupepeta mchele, na watoto wao wakilala mkeka mmoja. Sinema za Rambo huwatazamisha watu hao bega kwa bega bila taabu. Hii ya dakika 19 huenda mmoja akaikataa, naye ana ruhusa. Wanaokubali, aghalabu huitazama mpaka mwisho bila kusema neno, kisha mmoja huuliza barabara ile ilikuwa ya kwenda wapi, na mwingine hujibu akataja mahali, na hapo maongezi huanza.

Kwa watoto walio chini ya miaka kumi na miwili ni afadhali wangoje. Wenye umri zaidi ya huo wataitazama wakiwa na mzazi chumbani, taa ikiwa imewashwa, nao wataulizia mengi; basi isiwekwe usiku wa kuamkia siku ya shule.