Shimo la barabarani likimuumiza mtoto, nani alipe?

Mzazi wa Ilongero anayempakia mwanawe bodaboda kwenda Singida mjini anaijua njia ya masika: mashimo, makorongo, kingo zilizoliwa na maji. Ajali ikitokea, wengi husema ni bahati mbaya, kisha huuza mbuzi kulipia matibabu.

Sheria haiishii hapo. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS; za wilaya na vijijini ni za TARURA tangu 2017. Msimamizi akithibitika kuzembea, anaweza kudaiwa fidia. Lakini dereva aliyekwenda kasi naye hubeba lawama, hivyo ulizia kwanza bima ya chombo chake.

Ripoti polisi upewe PF3. Piga picha shimo kabla halijafukiwa, andika majina ya mashahidi, tunza risiti zote za hospitali.

Anayeidai Serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo afungue kesi Mahakama Kuu. Kwa kawaida madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Anayekaa kimya anaweza kuiweka hatarini haki ya mtoto wake.