Kuunganishwa Si Kuelewana: Elimu ya Mabadilishano ya Vijana kwa Njia ya Mtandao

Katika miaka ya 1970 na 1980 wanafunzi wengi wa sekondari walikuwa na marafiki wa kalamu. Barua ilipelekwa posta, ikavuka bahari, na jibu likaja baada ya majuma kadhaa likiwa na stempu ya nchi ya kigeni. Siku hizi kijana aliyeko Dodoma aweza kuzungumza na mwenzake wa ng'ambo kwa simu ya mkononi, huku kila mmoja akiuona uso wa mwenziwe. Kutokana na uwezo huo imezuka mipango ya elimu iitwayo mabadilishano ya vijana kwa njia ya mtandao. Maana yake ni vikundi vya wanafunzi wa nchi mbili au zaidi kukutana kwa vipindi vilivyopangwa, chini ya uongozi wa walimu, ili wajifunze pamoja bila ya kusafiri.

Faida yake ni dhahiri, kwa kuwa nauli ya ndege na hati ya kusafiria ni vitu ambavyo wanafunzi wengi hawawezi kuvipata. Hata hivyo yapo maswali ya kisayansi yapasayo kuulizwa. Je, vijana wakiunganishwa wataelewana? Utafiti unaonyesha kuwa jambo hilo halitokei lenyewe. Yawezekana kijana akaonana na mgeni kisha akaondoka akimdharau kuliko hapo awali. Mambo matatu yanahusika zaidi: muda wa sauti kusafiri, maana za maneno, na usawa kati ya wanaozungumza.

Chimbuko la mipango hii

Wazo lenyewe ni la kale kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1920 Célestin Freinet, mwalimu wa shule ya msingi huko Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, aliwafanya wanafunzi wake wabadilishane maandishi na wanafunzi wa René Daniel huko Trégunc, katika jimbo la Brittany. Watoto wa milimani waliwaandikia watoto wa pwani habari za maisha yao, na kila upande ukalazimika kueleza mambo ambayo hapo nyuma uliyaona kuwa hayahitaji maelezo.

Mwaka 1988, vita baridi vikiwa bado havijakwisha, shule za jimbo la New York na shule za Moscow ziliunganishwa kwa kompyuta na njia za simu. Mradi huo ndio ulioleta shirika liitwalo iEARN. Mwaka 2003 ulianza mpango wa Soliya, unaowakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu wa nchi za Magharibi na wa nchi za Kiarabu na Kiislamu katika vikundi vidogo vyenye waongozaji wa mazungumzo. Mwaka 2015 ulianzishwa huko Marekani mpango wa Stevens Initiative, kwa kumbukumbu ya Balozi J. Christopher Stevens aliyeuawa Benghazi, Libya, mwaka 2012.

Sekunde na heshima

Mazungumzo ya binadamu yana mwendo wake. Mwaka 2009 wataalamu wa isimu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, zikiwamo Kijapani, Kidenishi na lugha moja ya Kikhoisani ya Namibia. Walipima muda unaopita kati ya mwisho wa swali na mwanzo wa jibu. Wastani ulikuwa kama sekunde 0.2, na lugha zote kumi hazikuachana sana na wastani huo. Kimya kirefu zaidi ya hapo hupewa maana: msikilizaji hudhani kwamba mwenzake anasitasita, hakubali, au hakusikia.

Sasa na izingatiwe njia ya mawimbi. Setilaiti za mawasiliano zinazoonekana kana kwamba zimesimama mahali pamoja angani huwa juu ya ikweta, kwa kimo cha kilometa 36,000 hivi. Wimbi likipanda na kushuka husafiri kilometa 72,000. Kwa kuwa mwendo wake ni kilometa 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua sekunde 0.24. Swali likienda na jibu likirudi, muda hufika sekunde 0.48, ambao ni zaidi ya mara mbili ya kile kimya cha kawaida. Kabla ya mwaka 2009, ilipoanza kufika mikongo ya baharini ya nyuzi za kioo katika pwani ya Kenya na Tanzania, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki na nchi za ng'ambo ilipitia setilaiti za aina hiyo. Ndani ya uzi wa kioo mwanga huenda kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mkongo wenye urefu wa kilometa 15,000 huhitaji sekunde 0.075 tu kwa safari ya upande mmoja.

Hata hivyo mkongo hauondoi uchelewaji wote. Kompyuta huikata sauti vipande vipande, huvibana na kuvituma, na ile ya upande wa pili huvipanga upya. Mtandao ukielemewa, vipande hivyo husubiri katika foleni. Shule yenye mtandao dhaifu huweza kuchelewa sekunde nzima au zaidi.

Matokeo yake si ya kiufundi tu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014, watafiti wa Ujerumani Katrin Schoenenberg, Alexander Raake na Judith Koeppe waliongeza uchelewaji kwa makusudi katika mazungumzo ya simu. Wazungumzaji walielekea kuitia kasoro hiyo katika tabia ya mwenzao: walimwona kuwa hakuwa makini, ilhali kosa lilikuwa la mtambo. Hapo ndipo ilipo hatari ya mabadilishano haya. Kijana mwepesi wa fikra huweza kuhukumiwa kuwa ni mzito kwa sababu ya waya mbovu, kisha hukumu hiyo ikavishwa taifa lake zima.

Neno moja, maana mbili

Jambo la pili ni lugha. Mwaka 1997, katika chuo cha MIT huko Marekani, Gilberte Furstenberg na wenzake walianzisha mradi ulioitwa Cultura. Wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijifunza Kifaransa, na wanafunzi wa Ufaransa waliokuwa wakijifunza Kiingereza, walijibu hojaji za namna moja, kila upande kwa lugha yake wenyewe. Waliandika maneno yaliyowajia akilini waliposoma neno fulani. Kisha orodha za pande mbili ziliwekwa sambamba na wanafunzi wakaulizana juu ya tofauti walizoziona.

Mfano mmoja ni neno linaloitwa kwa Kiingereza "individualism" na kwa Kifaransa "individualisme". Kwa kamusi ni neno moja. Lakini Wamarekani walilihusisha na uhuru, kujitegemea na ubunifu, ilhali Wafaransa wengi walilihusisha na uchoyo na upweke. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja ugumu uliopo. Akilitafsiri neno hilo kwa "ubinafsi", amekwisha kutoa lawama kabla mjadala haujaanza. Bila ya zoezi kama hili, vijana wa pande mbili waweza kubishana saa nzima wakidhani wanajadili kitu kimoja.

Nani asikilizwe?

Jambo la tatu ni usawa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport wa Marekani alieleza kwamba watu wa makundi yanayochukiana wakikutana, chuki hupungua zaidi iwapo masharti manne yametimizwa: wawe na hadhi sawa katika mkutano, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wauunge mkono mkutano huo. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya matokeo ya tafiti 515. Waliona kwamba kukutana kwa kawaida hupunguza chuki hata pale ambapo masharti yote hayakutimia, lakini masharti hayo yakiwapo matokeo huwa bora zaidi.

Hadhi sawa haipatikani kwa kila mtu kugawiwa dakika sawa. Mwaka 2012 Emile Bruneau na Rebecca Saxe walitangaza majaribio yaliyofanywa kwa njia ya mtandao baina ya wahamiaji wa Mexico na Wamarekani weupe huko Arizona, na baina ya Waisraeli na Wapalestina. Watu wa kundi lenye nguvu walibadilika zaidi kwa namna njema walipotakiwa kusikiliza na kueleza upya maneno ya mwenzao. Watu wa kundi lisilo na nguvu walibadilika zaidi walipopewa nafasi ya kusema na kuhakikishiwa kwamba wamesikika. Basi mpango unaomfanya kijana wa nchi maskini awe msikilizaji daima, akipokea maelezo ya wenye vyombo bora na lugha yenye nguvu, waweza kumwachia uchungu badala ya urafiki.

Kwa hiyo mwalimu anayealikwa katika mpango wa aina hii yafaa aulize mapema: kazi ya pamoja ni ipi? Nani ameichagua? Lugha itakayotumika ni ya nani, na je, kila upande utapata nafasi ya kuandika kwa lugha yake? Mkutano mmoja wa kusalimiana hautoshi. Vipindi vifuatane kwa majuma kadhaa, na kazi iwe ya kweli, kama vile kupima mvua au bei za vyakula katika miji yote miwili na kulinganisha tarakimu.

Jaribio la darasani

Uchelewaji waweza kupimwa bila ya chombo cha ghali. Wanafunzi wawili wakae pamoja na kuhesabu kwa zamu: wa kwanza aseme "moja", wa pili "mbili", hadi ishirini, kwa kasi ileile. Yule wa kwanza apime muda tangu alipoanza kutamka "moja" hadi alipomaliza kusikia "ishirini". Kisha warudie kwa njia ya mtandao, kila mmoja akiwa katika chumba chake. Katika hesabu hiyo sauti husafiri mara 20, kumi kwa kwenda na kumi kwa kurudi. Ikiwa muda wa kwanza ulikuwa sekunde 9 na wa pili sekunde 14, tofauti ni sekunde 5, na uchelewaji wa upande mmoja ni 5 ÷ 20, yaani sekunde 0.25.

Jaribio lifanywe tena na shule ya ng'ambo siku ya kwanza ya mkutano, na jawabu liandikwe ubaoni katika madarasa yote mawili. Hivyo kila mwanafunzi atajua ni sehemu gani ya kimya cha mwenzake iliyo ya mtambo, kabla hajaanza kufikiri juu ya ile iliyo ya mtu.