Usukani wa Mafuta, Sehemu ya 3: Pampu Inapohamishwa

Wiki jana tulieleza jinsi pampu inavyosukuma mafuta hadi kwenye boksi ya usukani na kumpunguzia dereva kazi. Leo tuingie katika jambo linalofanywa sana na mafundi wetu wa Ruiru na Thika: kuihamisha pampu hiyo, pamoja na kitangi na paipu zake, kutoka mahali ilipowekwa na kiwanda.

Chanzo huwa ni injini. Pikapu imezeeka, injini imekufa, mwenyewe ananunua nyingine iliyotumika Japani. Inafungwa na inawaka vizuri. Kumbe pampu yake iko kushoto ilhali boksi ya usukani iko kulia, na pale palipokuwa na kitangi sasa pamekaa betri. Fundi anatafuta upenyo, na mara nyingi kitangi huishia chini karibu na bampa kwa sababu ndiko kuliko na nafasi.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Kitangi lazima kiwe juu ya pampu ili mafuta yashuke yenyewe. Kikiwa chini, pampu inalazimika kuyavuta, na inapovuta hunyonya hewa kupitia klipu yoyote iliyolegea. Simama pale Blue Posts, Thika, utazame maji ya Chania yanapotua chini ya maporomoko: ni meupe kwa kuwa yamechanganyika na hewa. Mafuta mekundu ya usukani nayo hugeuka povu la waridi. Mafuta safi hayakubali kubanwa, lakini hewa hubanwa, kwa hiyo usukani unakuwa mwepesi kisha mzito katika kona moja, na pampu inalia kama mbwa aliyefungiwa nje. Mwenye gari huambiwa anunue pampu mpya. Ananunua, nayo inalia vilevile, kwa sababu kitangi hakijapandishwa.

Paipu nazo si za kuokoteza. Ile inayotoka kwenye pampu hubeba shinikizo la bar 70 hadi 100 usukani unapokatwa hadi mwisho, wakati gurudumu la gari dogo hujazwa bar 2 na kidogo tu. Nimeona katika gereji moja paipu ya maji ya radieta ikiwekwa hapo, ikakazwa kwa waya na kupitishwa kando ya eksosi. Mafuta yakivuja juu ya chuma chenye moto namna ile, gari linaweza kuwaka na abiria wamo ndani. Jambo hilo haliwezi kusamehewa kwa kisingizio cha kubana matumizi. Thika ni mji ambao umeunganisha magari tangu miaka ya 1970, kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers kilipokuwa kikiitwa Leyland. Ujuzi upo hapa hapa.

Puli ya pampu nayo iwe sawasawa na ya injini. Weka rula ndefu juu ya zote mbili. Zikiachana hata kidogo, mkanda utalika upande mmoja.

Usukani wa namna hii uko pia kwenye mashua, na wenye mashua za injini mbili wana swali la ziada wanapohamisha pampu. Mara nyingi pampu ni moja, imefungwa kwenye injini moja, na upande wa pili hufuata kwa fimbo inayounganisha mitambo. Injini yenye pampu ikizima, nahodha bado ana ya pili ya kumfikisha ufukweni, lakini usukani umekuwa mzito mkononi. Kwa hiyo anayehamisha pampu ya mashua hujiuliza kwanza: injini ipi ikifa itaniumiza zaidi? Gari, kinyume chake, lina injini moja tu, na ikizima hakuna ya pili. Dereva anayezima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta anajinyima msaada wa usukani akiwa katika mwendo wa kasi, na katika Barabara ya Thika, tangu ipanuliwe mwaka 2012, kasi si ya mchezo.

Kazi ikiisha, usiwashe gari mara moja. Inua magurudumu ya mbele, jaza kitangi, kisha zungusha usukani polepole kushoto na kulia injini ikiwa imezimwa, ukiongeza mafuta mapovu yanapotoka. Yakikoma, washa na urudie.

Wiki ijayo tutatazama usukani wa umeme, kama ule wa Vitz, usio na pampu wala tone la mafuta.